Njoroge Atangulie Kufa

Wiki jana nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno, Nakuru mjini, mvua ikapiga, na mzee mmoja akaingia na kabuti lililolowa akaketi kando yangu. Lile kabuti zito la jeshi, la sufu, lenye vifungo vikubwa. Harufu ya sufu mbichi, moshi wa kuni na jasho la zamani ikanipanda puani, nikahama kiti. Mzee akanitazama, nadhani alifikiri namdharau. Sikumdharau hata kidogo. Nilikuwa nimerudi Subukia, nina miaka tisa, nimelala kifudifudi ndani ya mahindi nikimchunguza shangazi yangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema ninaweza kumshuku kuku kwa sababu ametaga. Lakini sikuzaliwa hivi, nilifunzwa, na aliyenifunza ni mama. Mwaka mmoja wa uchaguzi, nikiwa mdogo sana, vijana wawili wenye mashati safi walipita bondeni kwetu wakisema wanahesabu ng'ombe wa chanjo. Wakauliza kila boma lina watu wangapi, nani analala nyumba gani, mbwa ni mkali au anabweka tu. Watu wakawapa chai. Chanjo haikuja. Wiki mbili baadaye nyumba kadhaa kwenye kilima cha pili ziliungua mchana kweupe, nasi tukakaa kwenye uwanja wa kanisa mwezi mzima na magodoro yetu. Tuliporudi mama aliniketisha jikoni.

"Ciru, mtu akianza kuhesabu nyumba za watu, hata kama amevaa suti, hata kama ni mtu wetu, usinyamaze. Umesikia? Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilisikia. Nilikariri maneno hayo kama Baba Yetu Uliye Mbinguni.

Sasa, Anti Wairimu. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwalimu wa historia katika shule ya upili huko Nakuru, mwanamke wa miwani na viatu vya kisigino. Likizo moja ndefu alikuja nyumbani na mkoba mmoja, akasema amekuja kupumzika. Mtu anayepumzika hulala. Anti aliamka kabla ya ng'ombe. Siku ya kwanza nilimwona akitoka mtoni kuelekea nyumba zetu, polepole, midomo ikicheza. Alikuwa akihesabu hatua. Alipofika kwenye boma la kwanza alitazama saa, akatoa daftari la gamba la buluu mfukoni mwa sweta, akaandika. Siku ya pili alipita njia ileile, ila mara hii alikuwa akikimbia.

Nikaanza kumfuata.

Inafaa nieleze kwetu palivyokuwa. Wazee wetu walitoka ng'ambo ya mlima, wakajiunga, wakanunua shamba lililokuwa la mzungu, wakaligawana vipande virefu vyembamba hivi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinua sauti. Upande wetu wa kulia alikaa Shosho Nyambura na mwanawe Njoroge, mwenye duka. Shosho hakuwa nyanya yangu wa damu, lakini ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi, na ndiye ambaye babu yangu, Guka, alimkamia ng'ombe miezi mitatu alipovunjika mkono. Walikuwa wamekaa kando kwa kando miaka kama thelathini. Kitu kimoja tu hakikuzungumzwa kati ya maboma yetu, nacho ni vita vya zamani, vya wakati wa Hali ya Hatari, chini ya mkoloni. Shosho alikuwa na kaka aliyeingia msituni akafia mtoni huko walikotoka. Alisema hivyo tu, "alikufa mtoni," kisha akageuza maneno. Guka naye alituambia kwamba vita vyote vile vilimpita akiwa Gilgil, akiwapikia wanajeshi kambini. Hata kabuti lake la zamani, lililokaa sandukuni na dawa ya nondo, alisema alipewa na mpishi mkuu.

Basi siku moja Anti alilitoa kabuti hilo sandukuni na kulitumbukiza ndani ya pipa la maji. Akalivaa likichuruzika. Akaingia kwenye mahindi, akalala kwa tumbo na kuanza kutambaa, miwani imemning'inia sikio moja, akihema na kulaani. Alipofika mwisho wa mistari, pale unapoliona duka la Njoroge waziwazi, alisimamisha viwiko, akashika mpini wa jembe kama bunduki, akafumba jicho moja.

Na Guka, babu yangu mpole aliyekuwa akiimba kwaya, alikuwa amechutama nyuma yake.

"Si hivyo," nilimsikia akisema. "Shavu liguse mbao. Na usipumue."

"Mkono ulikuwa ukitetemeka?" Anti akauliza.

"Wa kushoto."

Niliposogea jani likalia, wakageuka wote wawili. Guka akasema anafundishwa na Anti mazoezi ya mgongo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikuwa mjinga.

Siku hizo hizo Anti alikuwa akienda dukani na kumuuliza Njoroge maswali ya ajabu. Anaamka saa ngapi? Akiamka anashika nini kwanza, taa au suruali? Akisikia mlango unagongwa vibaya, anakwenda mlangoni au dirishani? Njoroge, mtu mkubwa wa kucheka, alimjibu yote huku akimpimia sukari. Nilitamani kumziba mdomo. Kila jioni nilipokula nilimtazama Anti akitafuna, nikawaza jinsi mtu anavyoweza kula ugali wako na kukupigia hesabu.

Halafu nikaliiba daftari. Ilikuwa Jumapili, mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Anti alikuwa akioga. Nililisoma nyuma ya choo, na hata leo naweza kuliandika upya.

*Mtoni hadi nyumba ya kwanza: hatua mia mbili na kumi. Kwa kukimbia, dakika mbili. Na kabuti lililolowa, dakika nne, na unafika huna pumzi ya kupiga kelele.*

*Njoroge atangulie kufa. Asubuhi, kabla ya chai. La, baada ya chai. Inauma zaidi.*

*Mama wa maziwa aachwe hai, aone.*

*Fundi wa cherehani sijaamua. Nampenda. Labda mguu tu.*

Nilimpenda Anti, ndiye aliyeniletea viatu vya Krismasi. Lakini Njoroge alikuwa baba wa rafiki yangu Wambui, na Njoroge alikuwa wa kwanza. Kumwambia Guka haikuwezekana, naye yumo. Mama na baba hawakuwepo. Nikapenya ua wa michongoma ulionichana miguu yote, nikakimbia mpaka dukani, nikaliweka daftari juu ya kaunta kando ya mkate.

"Anti anataka kukuua," nikamwambia Njoroge. "Lakini utakunywa chai kwanza."

Alianza kucheka. Kisha akasoma. Nilimwona akisoma mstari wa hatua mia mbili na kumi mara mbili, na kicheko kikamtoka usoni kama kilichofutwa kwa kitambaa. Njoroge pia aliwahi kuwapa chai wale vijana wa chanjo. Alifunga duka saa nane ya mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Walikuja watu kama wanane, hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Njoroge mbele na daftari, fundi wa cherehani, akina baba wengine, na nyuma yao Shosho Nyambura akitembea na kifimbo chake. Anti alikuwa uani anakausha nywele. Guka alikuwa kwenye kigoda akinoa panga la nyasi, na wallahi hangeweza kuchagua kazi mbaya zaidi kwa saa ile.

"Mwalimu," Njoroge akasema, "hii kitabu ni yako?"

Anti alikitambua, akanitazama, kisha akafanya kosa. Alicheka.

"Unacheka? Jina yangu iko hapa. Imeandikwa nitangulie kufa. Na hizi hatua ni za kutoka mto mpaka kwa mlango wangu. Cheka tena."

"Njoroge, ni hadithi. Naandika kitabu cha hadithi, cha vita vya zamani."

"Hadithi gani inaua watu na majina yao?" akauliza fundi. "Na mimi nataka kujua habari ya hiyo mguu."

Anti akajaribu kueleza. Alisema amefundisha vita vile miaka kumi na miwili, na kitabu cha shule kina mistari miwili tu: walipigana, wengi wakafa. Wanafunzi wananakili, wanafunga daftari, wanakwenda kucheza mpira. Alitaka kuandika asubuhi moja tu ya pigano moja dogo, lisilo na jina, ambapo kijiji kilijigawa, ndugu hawa wakiwa msituni na wale wamebeba bunduki za serikali, wakakutana mtoni. Ili aliandike ilibidi ajue kabuti likilowa lina uzito gani. Ilibidi awe na nyuso anazozijua, kwa hiyo aliazima majina ya majirani, angeyabadilisha baadaye. Alisema haya yote kwa sauti ya darasani, na hakuna aliyemwamini. Mimi pia sikumwamini. Wale wa chanjo nao walikuwa na maelezo mazuri.

Shosho Nyambura hakujua kusoma. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni, akaweka kifimbo chini.

"Kama ni hadithi, soma," akasema. "Tusikie kama inatembea."

Anti akachukua daftari. Nilingoja bunduki na damu, lakini alianza na mtu aliyechutama kwenye majani kwa sababu woga umempiga tumbo, akiomba Mungu wenzake wasisikie. Baba mmoja akaguna kwa kucheka, akajizuia. Kisha umande, jinsi unavyopanda kwenye sufu mpaka kabuti linakuvuta chini kama mtu anayekusihi usiende. Kisha kuku, kwa sababu hata asubuhi ya vita kuku huamka na kudai chakula. Kisha mtu aliyeitwa Njoroge akafungua mlango akiwa na kikombe cha chai mkononi, kwa kuwa alidhani anayegonga ni mwenye maziwa.

"Na sina hata panga?" Njoroge akauliza.

"Una kikombe," Anti akasema.

"Mwalimu, hiyo si haki. Angalau nimwagie mmoja hiyo chai."

Watu wakacheka, naye Njoroge akacheka, na nikahisi hewa ikirudi uani. Anti akanyanyua penseli papo hapo, akaandika, Njoroge akamwagia mmoja chai. Sasa walikuwa wamekaa wote, mwingine juu ya gogo, mwingine juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimewaona watu hawa kanisani kila Jumapili wakipiga miayo, lakini hapa hakuna aliyehema. Nilinusa kabuti lililokuwa kwenye kamba likikauka, nikauona mto, na haukuwa mto wetu. Ni mimi niliyekuwa nimeleta watu hawa kumshtaki Anti, na ikawa nataka asiache kusoma.

Akafika mahali vita vimekwisha. Milio imenyamaza, na wale wa bunduki za serikali wanapita kwa maiti wakipekua mifuko kutafuta karatasi na risasi.

"*Kijana wa mwisho alilala kichwa kikiwa majini,*" Anti akasoma. "*Katika mfuko wa kabuti lake walikuta ngwaci moja, kiazi kitamu cha kuchoma, imefungwa kwa jani la mgomba, bado ina joto. Ilikuwa imeumwa ncha moja tu, kwa meno madogo, kama ya mtoto.*"

"Simama hapo," Shosho akasema.

Anti akasimama.

"Hayo meno ni yangu."

Hakupaza sauti. Alisema kwamba alikuwa na miaka kumi, mama yake alimpa kiazi kile alfajiri ampelekee kaka yake kwenye magugu, na njiani njaa ikamshinda, akauma ncha. Kaka yake hakumgombeza. Alikitia mfukoni, akamwambia akimbie nyumbani. Shosho hakuwahi kumwambia mtu. Aliona aibu kwa kile kipande alichomeza, miaka yote hiyo.

"Nani alikuambia?" akamuuliza Anti.

"Nilitunga, Mama Njoroge," Anti akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nilitunga tu."

Nilimtazama, nikajua anadanganya, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze sikufurahia kujua. Shosho hakubishana naye. Aligeuka polepole pale kwenye ngazi, akamkabili babu yangu.

"Baba Wairimu," akasema, "kule Gilgil mlikuwa mnapika nini?"

Guka alikuwa bado ameshika jiwe la kunolea. Njoroge alisimama. Fundi akamshika mkono. Nakumbuka niliwaza kwamba sasa ndiyo nyumba itaungua, na aliyewasha ni mimi.

"Sikuwa Gilgil," Guka akasema.

Akangoja, labda akidhani mtu atamsaidia kuyabeba.

"Sikupiga mimi. Nilikuwa mdogo, nilitumwa kupekua mifuko. Kabuti lake nikapewa nivae." Akakohoa. "Nilipokuja kununua shamba hapa sikujua ni wewe uko kando. Nilipojua, nilikuwa nimeshapanda mahindi."

Mpaka leo sijui kama nimwamini kuhusu risasi. Mtu anayetumwa kupekua mifuko hajui habari za shavu na mbao. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na nilimpenda babu yangu, na bado sijui. Watu wote uani walilitazama kabuti likichuruzika kwenye kamba, Njoroge akavuta pumzi ya kusema, na mama yake akamnyamazisha kwa kiganja.

"Ulikuta kimeumwa mara moja tu?" Shosho akauliza.

"Mara moja."

"Kwa hivyo hakukionja."

"Hakukionja, Mama Njoroge. Kilikuwa kizima. Kilikuwa bado na joto."

Ng'ombe walianza kulia, wakati wao wa kukamuliwa umefika, na hakuna aliyeinuka. Mwishowe Shosho alimwita Anti kwa kidole, kama anavyoitwa mtoto.

"Andika alikula."

"Mama Njoroge, lakini sasa tunajua kwamba…"

"Si umesema unatunga?" Shosho akasema. "Tunga basi. Kaa naye chini kwa jiwe, umpe nafasi, akule yote. Hata maganda."

Anti akachukua penseli. Aliandika akiwa amepiga magoti kwenye vumbi, akilia bila kujifuta, na Shosho akamsubiri mpaka amalize ndipo akaokota kifimbo na kwenda kwake. Wengine wakamfuata. Mama aliporudi kutoka kanisani akakuta uani pamejaa nyayo, na hakuna aliyemweleza vizuri. Hakunipiga wala hakunisifu. Guka alilichukua kabuti, na sijawahi kuliona tena.

Mwaka ule Shosho hakukanyaga kwetu, na Jumamosi nilisukwa nywele na mama, vibaya. Guka alizunguka mbali kwenda dukani sokoni ili asipite kwa Njoroge. Kitabu kilitoka miaka mitatu baadaye, majina yote yamebadilishwa, na kijana wa mtoni akaketi juu ya jiwe, akakibandua kiazi jani, akala taratibu akitazama maji, kisha ndipo wakaja. Anti alikileta na kwenda nacho moja kwa moja kwa Shosho, akamsomea barazani. Tangu siku hiyo kila alipokuja likizo aliitwa akasome. Mimi nilikwenda naye kubeba kiti. Shosho hakutaka mwanzo wala mwisho.

"Rudia pale anakula," alikuwa akisema.

Anti alirudia. Na ng'ambo ya michongoma, kwa upande wetu, nilimwona Guka akisimama na mkebe wa maziwa mkononi, kofia ameivua, mpaka kijana amalize kula, ndipo aende zake.